Kidole Alichokifunga Baba Mkubwa

"Baba mkubwa, hicho kidole kinauma?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa na miaka saba, siku ya kupima kahawa. Tulikuwa kwenye foleni mbele ya mizani ya ushirika, yeye na gunia begani, mimi nimeshika ncha ya koti lake. Dole gumba lake la mkono wa kushoto lilikuwa limefungwa kitambaa cheupe, kimezungushwa mara nne au tano, na fundo juu. Mimi nilishangaa, kwa sababu asubuhi ile ile nilimwona akipasua kuni kwa mkono huo huo, na kitambaa hakikuwapo.

Karani alimsogezea kisahani cha wino. Baba mkubwa akainua kidole chake akamwonyesha, polepole, kama mtu anayeonyesha mtoto mgonjwa.

"Bado tu, Mzee Raimundi?" karani akasema. "Mwaka jana kinaumwa, mwaka juzi kinaumwa. Hicho ni kidole au ni bibi kizee?"

Watu wakacheka. Baba mkubwa akachora msalaba kwenye daftari, karani akaukubali, tukaondoka. Hapo ndipo nilipouliza. Alitia mkono ule mfukoni, akasema, "Shika koti vizuri, usipotee."

Hilo si jibu. Lakini kwetu mtoto haulizi mara mbili, nikashika koti.

Baba mkubwa Raimundi ni kaka wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Baba yangu mzazi, Xaveri, yuko Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Alikwenda nikiwa na miaka miwili, akalowea huko. Mama alingoja, akachoka, akarudi kwao ziwani, Mbamba Bay, ambako ameolewa. Kila kiangazi huja na kapu la usipa wakavu, vile visamaki vya ziwani, analala siku mbili, analia kidogo, anateremka tena. Mimi nikabaki huku milimani, Litembo, kwa baba mkubwa na mama mkubwa Bonifasia, pamoja na mtoto wao wa pekee, Hyasinti, ambaye namwita kaka.

Baba mkubwa ni mrefu, mwembamba, tena si msemaji. Ni mashoto. Chakula anakula kwa mkono wa kulia kwa sababu ya heshima, lakini panga, shoka na jembe vyote viko kushoto. Na hakuna mtu huku kwetu anayelaza majani ya ngolu kumshinda. Huku milimani shamba la mteremko halilimwi hivi hivi tu. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, mpaka mlima mzima uwe kama wavu ulioanikwa. Kisha wanawake humwaga maharage juu ya mistari na kuyafukia kwa udongo wanaouchimba katikati, na pale katikati panabaki shimo la kushika maji ya mvua. Hizo ndizo ngolu. Mistari ya watu wengine hupinda kama njia za mbuzi. Ya baba mkubwa imenyooka kiasi kwamba watu wakipita husimama kuitazama.

Sasa niseme habari ya fomu.

Mwaka huu, 1957, mwezi wa tatu, masista walifunga shule yetu ya bweni wiki mbili kwa sababu ya surua, kwa hiyo nilikuwapo nyumbani na niliona kila kitu kwa macho yangu. Hyasinti alikuwa amemaliza darasa la kumi na mbili kwenye sekondari ya misheni, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Walimu wake wakamwombea fomu ya chuo kikuu cha Makerere, kule Uganda. Ila fomu hiyo ilizunguka. Ilikwenda shuleni yeye ameshaondoka, ikapelekwa parokia nyingine, ikaja Litembo ndani ya kitabu cha padri. Hyasinti aliipata Jumamosi jioni. Ilitakiwa ifike Kampala kabla ya tarehe kumi na tano Aprili.

"Njiani ni wiki mbili na zaidi," alisema, akihesabu kwa vidole. "Lori la Mbinga linapeleka mfuko wa barua Songea Alhamisi tu. Ikikosa Alhamisi hii, basi. Mpaka mwaka ujao, kama watanikubali tena."

Alijaza usiku huo huo kurasa tatu kwa mwandiko wake mzuri. Ukurasa wa nne ulikuwa wa mzazi. Jumapili baada ya misa akamfasiria baba yake, kwa maana ulikuwa kwa Kiingereza.

"Inasema hivi, baba. Mimi, mzazi wa mwombaji, nakubali mwanangu asome chuoni kwa muda wote utakaohitajika. Chini yake unatia sahihi au dole gumba la kushoto, mbele ya shahidi."

"Muda wote utakaohitajika," baba mkubwa akarudia. "Ndiyo miaka mingapi?"

"Mitano. Labda sita."

"Labda."

"Baba, inategemea masomo."

"Hiyo sita yao naijua," baba mkubwa akasema, akainuka. "Kidole siweki."

"Kwa hiyo hukubali nisome?"

"Nani kasema sikubali? Nenda hata miaka kumi. Kidole siweki."

"Basi chora msalaba, kama kwenye kahawa!"

Wakaenda wote wawili kwa Mwalimu Wolfgang, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye angekuwa shahidi. (Nilipokuwa mdogo nilimsikia akitajwa nikadhani ni Mjerumani. Ni mtu wa Mapera, kijiji cha jirani, na baba yake alikuwa mpishi wa mapadri.) Wakarudi wamenuna. Mwalimu Wolfgang alisema msalaba hautakiwi. Ni sahihi au dole, na yeye hawezi kushuhudia kitu kisichotakiwa.

"Ni kidole tu, baba!" Hyasinti alisema pale uani, karibu kulia, mtu mzima wa miaka kumi na tisa.

"Ni kidole tu," baba mkubwa akamjibu. "Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo."

Akaenda kukaa peke yake nyuma ya ghala.

Mimi nikamfuata mama mkubwa jikoni. Alikuwa anachambua maharage ya mbegu, nikakaa nikachambua naye, nikamwuliza. Yeye akiulizwa huku mikono ina kazi, husema.

"Ulikuwa mdogo," alisema. "Wakala wa mkonge alikuja na meza yake, akaiweka pale kando ya barabara. Akasema, vipande sita. Watu wakaelewa miezi sita. Baba yako mkubwa akaweka dole, na baba yako akaweka. Kumbe kipande si mwezi."

"Ni nini?"

"Ni karatasi ya siku thelathini za kazi. Umeugua, siku haihesabiwi. Mvua imewazuia, haihesabiwi. Hukumaliza mistari yako ya mkonge, siku hiyo nayo haihesabiwi. Kipande kimoja kinaweza kula miezi mitatu. Baba yako mkubwa aliugua sana kule. Alirudi hapa baada ya mwaka na miezi minane, amekonda hata Hyasinti hakumtambua, akakimbilia mvunguni. Kabla ya kurudi alikwenda kulalamika ofisini kwao, wakamwonyesha karatasi: hiki si kidole chako? Kilikuwa chake. Tangu hapo, akiona wino anakifunga."

"Na baba yangu?"

Mama mkubwa akapepeta maharage yake, makapi yakaruka. "Baba yako yuko Tanga," alisema, kana kwamba nilikuwa sijui.

Jioni baba mkubwa alitoka nyuma ya ghala, akasimama mlangoni.

"Nitaandika jina langu," alisema.

Hyasinti akamtazama. "Kwa siku tatu, baba?"

"Wewe ulijua kutembea kwa siku ngapi?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Tuanze."

Swali likawa nani amfundishe. Hyasinti alijaribu, lakini baba mkubwa hakuweza kukaa mbele ya mwanawe kama mwanafunzi, na Hyasinti hakuweza kumwambia baba yake amekosea, kila herufi mbovu alisema "vizuri, baba." Mama mkubwa akamsogeza mwanawe kando. Yeye alifundishwa kusoma na kuandika na masista alipokuwa msichana, na haoni haya kumwambia mumewe amekosea, kwa maana ndiyo kazi yake ya kila siku.

Ubao ulikuwa mlango wa nyumba, chaki ilikuwa mkaa. Mama mkubwa akaandika juu kabisa: RAIMUNDI.

"Herufi nane, Baba Hyasinti. Na I iko mara mbili, kwa hiyo umepunguziwa."

Baba mkubwa akashika mkaa kwa mkono wa kushoto. Mama mkubwa akampiga kofi dogo mkononi. "Kuandika ni kulia! Ulifundishwa wapi wewe?"

Nilimwona akirudisha mkono haraka, na uso wake ukabadilika. Baadaye nikajua kwamba aliwahi kufundishwa. Akiwa kijana kwenye mafundisho ya ubatizo, katekista alimchapa fimbo vidoleni kila aliposhika kalamu kwa kushoto, na siku ya tatu akaiacha kalamu, akabaki kukariri sala tu. Mama mkubwa hakuyajua hayo. Kwake yeye kulia ndiko masista walikomwonyesha.

Kwa hiyo Jumapili jioni na Jumatatu nzima aliandika kwa mkono wa kulia. Nisamehewe, lakini tulicheka. R yake ilikuwa kama mtu aliyeanguka na mzigo. M ilipanda mlango ikashuka upande wa pili.

"Baba Hyasinti, hii ni A au ni kibanda cha kuku?"

"Kibanda cha kuku kina faida. Hii yako haitagi."

"Haya, futa. Tena."

Mlango ukawa mweusi wote. Majirani waliokuja kuomba moto waliondoka na mikono michafu na hadithi ya kusimulia. Jumatatu jioni baba mkubwa aliweka mkaa chini. Hata mara moja jina halikuwa limetoka zima.

Jumanne alfajiri hatukumwona. Panga lake halikuwapo.

"Amekata tamaa," Hyasinti alisema. Alikaa kwenye kinu kilicholala, fomu mapajani ndani ya bahasha yake. "Mama, niweke mimi dole langu. Nani atajua?"

"Mungu atajua," mama mkubwa akasema. "Na Mwalimu Wolfgang atajua kabla yake. Beba kapu, tumpelekee baba yako chakula."

Shamba letu liko ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko mkali. Ukiwa chini kijitoni unauona wote umesimama mbele yako kama ukuta. Tulipofika pale mama mkubwa alisimama ghafla, nikagonga mgongo wake.

Juu kule baba mkubwa alikuwa anafanya kazi bila shati. Alikuwa amefyeka sehemu kubwa, na majani alikuwa ameyalaza chini, mafungu mazito yaliyonyooka kama kawaida yake. Lakini hayakukatana kama wavu. Nilihitaji muda kuelewa ninachokiona. Kisha nikasoma kwa sauti, herufi moja moja, kila moja ndefu kuliko mtu:

"R. A. I. M. U. N. D..."

Alikuwa anainama na kulaza majani kwa mkono wa kushoto, anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, anasogeza kidogo kwa mguu. Penye kupinda hakupinda. R ilikuwa na tumbo la pembe tatu, na D nayo. Lakini zilikuwa zinasomeka. N ilikuwa imegeuka.

"Hiyo N imekupa mgongo!" mama mkubwa akapiga kelele kutoka chini.

Baba mkubwa akageuka, akatuona. Akaitazama N, akauinua ule mstari wa katikati kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto, akaulaza upande mwingine.

"Sasa?"

"Sasa imekaa! Lakini niambie, Baba Hyasinti, maharage yangu niyapande kwenye R au kwenye M?"

Ni mara chache nimemwona baba mkubwa akicheka. Siku ile alicheka mpaka akakaa chini, katikati ya jina lake. Hyasinti hakucheka. Alikuwa amesimama na kapu kichwani, machozi yanamtiririka, anajifanya ni jasho.

Tulipopanda kufika juu, mama mkubwa aliutazama mkono wa mumewe, bado una majani. "Kumbe ni huu," alisema taratibu. "Si ungeniambia?"

"Ulinipiga kofi," alijibu.

Hapakuwa na haja ya mlango tena. Mchana ule alilaza jina kwa vijiti, kisha akalichora mavumbini kwa kijiti kimoja, kila mara dogo kuliko lililotangulia, mpaka likaenea kwenye kiganja. Lote kwa kushoto.

Jumatano asubuhi tulikwenda wote wanne kwa Mwalimu Wolfgang. Baba mkubwa alivaa koti la misa. Kidole kilikuwa kimefungwa kile kitambaa cheupe.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibuni. Mzee Raimundi, nimesikia mlango wako umepata elimu."

"Umehitimu, Mwalimu. Leo ni zamu yangu."

Mwalimu akaweka fomu mezani, akachovya kalamu, akampa. Baba mkubwa akaishika kwa kushoto. Kalamu ikateleza. Akaishika tena, ikageuka, tone la wino likaanguka mezani. Kitambaa kilikuwa kinene, na kidole ndani yake hakikuweza kubana kitu. Akajaribu kuibana kati ya vidole vingine viwili, ikalala chini.

Nje watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanaimba majedwali ya kuzidisha. Hyasinti alifungua mdomo, mama mkubwa akamkanyaga mguu.

Baba mkubwa aliweka kalamu chini. Akashika fundo kwa meno, akalivuta, akaanza kukifungua kitambaa, mzunguko mmoja mmoja. Akakikunja, akakitia mfukoni. Kidole kilikuwa kidole tu, kina sugu, ukucha umepasuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona wazi mbele ya karatasi.

Akachukua kalamu. R. A. I. M. U. N. Kwa kuwa mkono wake ulifuata nyuma ya wino, alikuwa anauinua juu kama mtu anayevuka matope, asiufute. Mstari uliisha kabla ya jina. D na I zikapanda pembeni kama njia ya kupanda kwenda hospitali ya misheni.

"Nafasi imekwisha," alisema, na jasho lilikuwa puani.

"Inatosha," Mwalimu Wolfgang akasema. "Wataisoma wakipanda." Akaandika jina lake kama shahidi, akagonga muhuri wa shule, akaukausha kwa karatasi ya kufyonzea. Aliisoma ile sahihi tena, kisha akasimama kumpa mkono baba mkubwa, na baba mkubwa akampa ule wa kulia.

Mchana huo huo baba na mwana walishika njia ya Mbinga, bahasha imefungwa kwenye ngozi ya mbuzi kwa sababu ya mvua. Walirudi Alhamisi jioni, matope hadi magotini.

"Imekwenda?" mama mkubwa akauliza kabla hawajakaa.

"Imekwenda," Hyasinti akasema. "Baba alimwambia karani afungue mfuko tena aone kama imo."

"Na alifungua?"

"Alifungua mara mbili."

Jibu lilikuja mwezi wa sita. Hyasinti alichukuliwa, na mwezi wa saba tulimsindikiza mpaka Mbinga, mama mkubwa akilia njia nzima na kumkanya habari za baridi. Maharage ya ule mteremko, niseme na hilo, yalipandwa kama jina lilivyolala. Mama mkubwa alikataa litenguliwe. Yalipoota, watu wa Mapera waliokuwa wakipita walilisoma kutoka ng'ambo.

Juzi, nikiwa nimerudi kwa likizo, baba mkubwa aliniomba karatasi moja ya daftari langu. Alimketisha mama mkubwa amwandikie barua ya kwenda Tanga kwa baba yangu. Mimi sikuambiwa nitoke, nikabaki. Ilikuwa fupi. Habari za mvua, za kahawa, za Hyasinti kwenda Kampala. Kwamba mimi, Vitalia, nimekua, niko darasa la saba. Kwamba nyumba ya Xaveri bado imesimama na paa limeezekwa upya. Mama mkubwa alipomaliza, alimsogezea wino, na baba mkubwa akaandika jina lake mwenyewe chini, kwa kushoto, bila kitambaa. Safari hii lilienea.

Akalipuliza likauke. Kisha akasema, bila kunitazama, "Vitalia. Siku ile kwenye mizani uliniuliza kitu."

"Ndiyo, baba mkubwa. Niliuliza kama kidole kinauma."

"Nilishindwa kukujibu. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekujibu." Akakigeuza kidole chake huku na huku mwangani. "Kinauma. Pale kwenye meza mimi ndiye niliyetangulia. Baba yako alikuwa nyuma yangu, anasita, anataka kurudi nyumbani. Nikageuka nikamwambia, weka tu, Xaveri, ni miezi sita."